Simu kwa Jina la Kaka

2 Mfungo Mosi

Siku ya pili ya Idi na tayari nimeshakasirika. Kampuni ya simu imebandika bango kwenye ukuta wa duka lake pale mbele, karibu na gati: simu mpya, Almasi Tisa, "inaona gizani", "inakuja". Inakuja lini, hawasemi. Bei gani, hawasemi. Wameweka picha ya msichana anayecheka mpaka magego, na chini yake maandishi madogo ambayo hata ukivaa miwani ya Mama huyasomi: bei ya wateja wetu itatangazwa.

Nikiisema hasira hii nyumbani, Mama huniambia nikatie udhu. Nimetia mara mbili. Sasa naandika.

3 Mfungo Mosi

Kwa nini simu inanikera hivi? Kwa sababu ndiyo jembe langu. Mimi hupiga picha harusi za wanawake hapa kisiwani Amu, zile siku za kupamba, wanaume wakiwa mbali na wanawake wamevua mabuibui, nywele nje, mabega nje, kila mtu na urembo wake. Siku hiyo simu za wageni huwekwa kikapuni mlangoni. Yangu peke yake huingia.

Huingia kwa sababu haina laini. Ni simu ya kamera tu, haijawahi kuonja intaneti. Harusi ikiisha nampa biarusi picha zake kwenye kadi, kisha naketi na mama yake chumba cha ndani, tunafuta moja moja mbele ya macho yake mpaka simu inabaki tupu. Tunaita kurudisha amana. Picha za wageni hazipewi mtu yeyote, hata biarusi. Wanawake wa mji huu hawanipendi sana, nina mdomo, lakini kwa hilo wananiamini.

Sasa jembe limeoza. Unyevu umeingia kwenye kioo cha kamera. Biarusi wa mwisho kabla ya Ramadhani alitoka na doa la buluu shavuni kama aliyepigwa ngumi. Mama yake alizitazama zile picha, akanitazama mimi, akasema asante kwa sauti ambayo sijaisahau.

5 Mfungo Mosi

Mvua. Bei bado.

8 Mfungo Mosi

Nimekwenda dukani kuuliza. Anayehudumia ni Nerea, msichana wa bara, mwaka wa pili huu yuko kwetu, mpole lakini anaongea kama tangazo la redio.

"Dada Thuwaiba, bei ya Nairobi si bei yetu. Sisi tuko na bei ya kampuni. Itatoka wiki hii."

"Wiki iliyopita pia ulisema wiki hii."

"Ni kweli nilisema."

Angalau hakubishana. Mtandaoni watu wanaandika bei tano tofauti, kila mmoja ameapa. Mmoja ameandika itakuwa rahisi kuliko ile ya zamani. Huyo nadhani anaota akiwa macho.

9 Mfungo Mosi

Kwa kina Jamaludin, mtaa wa Langoni, wameniuliza kama nitakuja na "ile ile". Harusi ya binti yao Sumeiya ni tarehe ishirini. Nimesikia pia wanaulizia bei za Nasreen, yule wa Mombasa mwenye kamera kubwa na mkono mwepesi wa kurusha picha za watu mtandaoni. Nimewaambia nitakuja na mpya. Sina mpya.

13 Mfungo Mosi

Bei imetoka. Ukinunua taslimu, elfu thelathini na nane. Bei ya kampuni: elfu sita mkononi, kisha mia moja kila siku kwa mwaka mzima. Bango jipya limeandika MIA MOJA TU KWA SIKU kwa herufi za ukubwa wa mlango, na zile elfu sita wamezisukuma chini kwenye kona. Nimepiga hesabu nyuma ya mkono kwa kalamu ya piko, ile ninayochorea maharusi. Asiyekuwa nazo atalipa elfu arobaini na mbili na zaidi. Yaani anayelipa zaidi ni maskini, na analipa zaidi kwa sababu ni maskini, na bado msichana wa bangoni anamchekea.

Ukikosa kulipa siku mbili, simu inajifunga, inakuwa kibao cha kukatia vitunguu.

Haina mahali pa kadi ya picha. Haiwaki bila laini ya kampuni ndani yake, na intaneti iwe wazi, ili wajue iko wapi. Nilipomuuliza Nerea hiyo ni simu au ni askari, alicheka. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Na hayo yote si kitu. Wanataka laini yenye rekodi ya kulipa, na mwenye jina la laini aje na kitambulisho. Yangu, ya simu ndogo ya kupigia, ina rekodi ya miaka. Jina lake ni Abdulwahid.

Abdulwahid ni kaka yangu. Nilipoachika nikarudi kwetu Wiyoni, kitambulisho changu kilikuwa kimepotea, na kupata cha pili ilikuwa kuitwa mbele ya wazee kuulizwa babu yangu alizikwa wapi, kama vile ningetia kaburi mkobani. Kaka akanisajilia laini kwa jina lake, ikapita. Huku kwetu hakuna ajabu hapo. Nusu ya wanawake ninaowajua wanaongea kwa majina ya waume zao, kaka zao, baba zao, wengine baba waliokwisha kufa.

Nikibadilisha jina sasa, Nerea anasema, rekodi inafutika. Naanza upya kama mtoto aliyezaliwa jana, na mtoto wa jana hakopeshwi simu.

14 Mfungo Mosi

Kaka amekuja dukani kwa Nerea amevaa kanzu ya Ijumaa, na leo si Ijumaa. Ana duka la rangi na misumari, ni mtu wa watu, akisoma Maulidi hata watoto hutulia. Mke wake waliachana mwaka juzi kwa wema, bila kelele. Alitoa kitambulisho, akatia kidole gumba, akasema, "Kwa dada yangu, kitu gani hiki." Watu waliokuwa kwenye foleni walimtazama kwa mapenzi. Elfu sita nilitoa mimi.

Nerea akafungua akaunti. Alisema tutumie ile ile ya mwenye laini, aliyo nayo tayari kwenye simu yake, ndipo tupate zawadi ya ghala la picha bure. "Picha haipotei kamwe, hata simu ikianguka baharini." Kaka aliandika neno lake la siri. Mimi niligeuza uso, adabu tu, mtu anapoandika siri yake humtazami.

Nilimuuliza Nerea, "Na nikifuta?"

"Ukifuta, simu inafuta." Foleni ilikuwa ndefu, alikuwa ameshamwita anayefuata.

Nimerudi nyumbani na simu mpya, na hasira, sijui ya nini. Labda kwa sababu nimesema asante mara nyingi mno kwa kitu nilichokinunua mwenyewe.

15 Mfungo Mosi

Inaona gizani kweli. Nimempiga Mama picha akichambua mchele jikoni, taa imezimwa, na kila punje inaonekana. Mama aliitazama muda mrefu akasema, "Nimekuwa mzee hivi?" Nikaifuta.

21 Mfungo Mosi

Harusi ya Sumeiya ilikuwa jana. Nimelala mpaka adhuhuri.

Mlangoni alikaa Bi Kulthum, shangazi yake biarusi, na kikapu mapajani. Huyo hana mchezo. Alimpekua mpaka mke wa tajiri mmoja nisiyemtaja, akamtoa simu kifuani. Nilipofika mimi alinyanyua mkono. "Ya Thuwaiba yapita."

Nilitaka kumwambia kwamba hii ina laini. Wallahi nilitaka. Lakini nyuma yangu palikuwa na wanawake wanasukumana, ngoma imeshaanza, na nilijiambia nitafuta kama kawaida, amana ni amana.

Sumeiya alitoka vizuri mno. Hina mpaka kiwikoni, kila mstari unaonekana. Mama yangu alikuwa mbele kabisa, nywele wazi, akicheza kama ana miaka ishirini.

Ruwaida, binti wa Bi Kulthum, ndiye aliyekuwa akimpanga biarusi. Anasoma chuo Mombasa, na akitoka nje ni nguo nyeusi kutoka utosini mpaka nyayoni, hata macho huyaoni vizuri. Mle ndani alivaa gauni la kijani aliloazima kwa binamu yake, nywele zimeshuka mpaka kiunoni. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti, anafunga asumini, moja ameishika kwa midomo, na mtu akasema neno akacheka. Nikabonyeza. Hakuniomba na sikumuomba. Nilitaka tu kuona simu inaweza nini.

Baadaye nilizihamisha za biarusi kwa waya kwenye kompyuta yao, kisha niliketi na mama yake Sumeiya tukafuta zote. Ile ya Ruwaida nilikuwa nimeitazama peke yangu mara moja zaidi, nikaifuta kabla hajaketi nami. Ni picha bora niliyopata kupiga maishani.

25 Mfungo Mosi

Mia moja. Mia moja. Mia moja. Nikila, nakumbuka mia moja.

1 Mfungo Pili

Wamenisifu Langoni, wamenisifu Mkomani. Nimepata harusi nne zaidi kabla ya Mfungo Tatu. Nasreen hajaitwa hata moja. Nakiri nimecheka.

4 Mfungo Pili

Harusi ya pili, nyumba ndogo, watu wachache, kazi safi. Tumefuta.

6 Mfungo Pili

Mvua ya siku mbili, mtandao umekufa. Simu inanionya kwamba sijaonekana. Ni wao hawaonekani. Mnara ni wao, umeme ni wao, na deni ni langu.

10 Mfungo Pili, Ijumaa

Kaka amekuja kula nasi baada ya sala. Mama alipika wali wa nazi na mchuzi wa papa. Katikati ya chakula Kaka akaosha mkono mapema, akakaa wima.

"Mama, nataka kuposa."

Mama akaacha tonge. "Nani, mwanangu?"

"Ruwaida wa Bi Kulthum."

"Mashaallah. Kijana wa watu. Umesikia nini habari zake?"

"Dini yake, adabu yake. Masomo yake." Akatabasamu, akitazama sinia. "Na rangi ya kijani yamkaa sana."

Mama alicheka, akaanza habari za sanduku na nguo na nani apeleke maneno. Hakuuliza. Mimi nilikunywa maji glasi nzima.

Kijani kaiona wapi?

11 Mfungo Pili

Sikulala vizuri. Asubuhi nimekwenda dukani kwake. Alikuwa peke yake anapanga makopo ya rangi.

"Kijani umeiona wapi?"

"Kijani ipi?"

"Usinifanye mtoto, Kaka."

Akasogea akaurudisha mlango nusu. Alitoa simu yake mfukoni akaiweka mezani, uso wake chini, kama mtu anayeweka kisu.

"Zalikuya zenyewe, Thuwaiba. Sikuziomba. Usiku ule wa harusi simu yangu yalia, yalia. Nafungua, ni picha."

"Ukazifunga."

"Nalizifunga."

"Kisha?"

Alichukua kitambaa akafuta kopo ambalo halikuwa na vumbi. "Kisha nalizifungua tena."

Nilikaa kwenye gunia la saruji. Ghala. Picha haipotei kamwe. Kumbe mimi nafuta hapa na mama zao wananitazama, wananibusu mkono, na kule nyuma zinashuka kwa Kaka moja moja. Harusi ya kwanza yote. Ya pili yote. Mama akichambua mchele. Wake za rafiki zake. Binti wa imamu ambaye Kaka husali nyuma yake kila alfajiri.

Kilichoniua ni kwamba hakuona haya. Alikuwa na maneno tayari, ameyapanga kama makopo yake.

"Sikumuonyesha mtu. Mimi nataka kumuoa kwa halali. Sharia yampa mtu ruhusa kumuona amposae, wayua hilo."

"Kwa idhini yake. Mahali pa heshima, watu wake wakiwapo. Si nywele zimefunguliwa, anacheka na wanawake wenzake. Na wale wengine waliomo humo, umewaposa wote?"

Alilipandisha kopo rafuni.

"Zifute sasa hivi, niko hapa."

"Nitazifuta nikipata jibu la Bi Kulthum."

"Kwa nini si sasa?"

"Kwa sababu nikizifuta yeo, utakwenda kusema. Zikiwapo, hutasema. Utaona haya kusema." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ile ile ya Maulidi. "Na simu ni ya nani kwa yina, Thuwaiba?"

Nilimpiga. Naandika kwa sababu ni kweli: nilimpiga kofi mbele ya makopo, na mteja akafungua mlango wakati huo huo akaomba samahani akaufunga.

12 Mfungo Pili

Simu imefungwa. Kioo cheusi na maneno meupe: SIMU HII IMERIPOTIWA KUIBIWA. TAFADHALI IRUDISHE KWA MWENYEWE.

Mwenyewe. Nimelipa mia ya leo kabla ya kuyasoma.

Nimekimbia kwa Nerea. Nimemueleza yote, mpaka kijani. Aliacha kuongea kama tangazo.

"Mwenye jina ndiye alipiga ripoti. Mimi siwezi kuifungua. Na ghala, ni yeye tu, aje hapa na kitambulisho, ama afute mwenyewe na neno lake la siri."

"Nimelipa mimi. Kila siku."

"Naona. Mfumo hauoni." Alikuwa na macho mekundu, sijui mafua, sijui nini. "Na ilikuwa nikwambie siku ile kuhusu ghala. Nilikuwa na watu kumi nyuma yako. Nenda polisi, dada."

"Ili picha zifanywe ushahidi? Zitazamwe na kituo kizima?"

Akainamia kaunta yake. Sina hasira naye, ambalo ni jambo geni wiki hii.

13 Mfungo Pili

Nimemwambia Mama. Alisikiliza akikunja leso, akaikunja, akaikunjua.

"Funika, mwanangu. Atamuoa, yataisha. Nduguyo ndiye sitara yetu."

"Sitara ya nani, Mama? Wewe ulikuwa mbele pale, kitwa wazi, wacheza. Picha tano zako zimo. Kaka ameziona, na siku simu yake ikiibiwa au ikienda kutengenezwa, ataziona nani?"

Mama akainua mkono akajishika nywele. Nyumbani kwake, chumbani kwake, hakuna mtu ila mimi. Kisha akaitwaa ile leso akajifunika.

Nimemuonea huruma, na nimemkasirikia kwa siku zote alizoniambia nitie udhu wakati Kaka haambiwi kitu.

Posa inapelekwa kesho baada ya laasiri. Mjomba keshaalikwa.

14 Mfungo Pili

Nimetangulia. Asubuhi, kabla mjomba hajavaa hata kanzu, nilibisha kwa Bi Kulthum. Njiani nilijua ninachokwenda kukizika. Nisiposema, Ruwaida ataolewa na mtu aliyemchagua kama nguo dirishani, na hatajua maisha yake yote. Nikisema, hakuna mwanamke Amu atakayenifungulia mlango na simu mkononi, na kazi nyingine sina ila hina, na hina mji mzima wanajua.

Niliyasema yote bila kuketi. Kwamba simu ilikuwa na laini na nilipita nayo mlangoni kwake. Kwamba ni kwa jina la Kaka. Kwamba nilimpiga Ruwaida picha bila kumuomba, na Kaka ameiona na ndiyo maana anakuja leo.

Bi Kulthum alikuwa anapanga vikombe vya wageni hao hao. Aliweka kimoja chini taratibu.

"Ziko wapi sasa?"

"Kwake. Kwenye akaunti yake."

"Hunu mji nimekaa mlangoni miaka yote na kikapu," alisema. "Natoa simu za watoto wa watu vifuani. Na nikasema, ya Thuwaiba yapita."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Badala yake aliingia ndani akatoka amevaa buibui, akaniuliza majina ya wote waliomo kwenye picha, mmoja mmoja, na kwa kila jina akaniuliza kama nina hakika. Posa akaiahirisha kwa kumtumia mjomba salamu kwamba ana mafua.

15 Mfungo Pili

Naandika polepole ili nisikose kitu.

Baada ya laasiri walikusanyika kwa Bi Kulthum. Wanawake, sijui wangapi, ukumbi ulijaa. Sumeiya na mama yake. Wa ile harusi ndogo. Bi Kulthum alikuwa amewaambia mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyenisalimia. Ruwaida aliachwa nyumbani, mama yake alisema ameshatazamwa vya kutosha.

Tulipotoka mlangoni nilimkuta Mama amesimama kando ya ukuta, buibui lake la zamani, mkoba kwapani. Hakunitazama. Akaingia katikati ya wenzake akatembea.

Tumepita njia kuu wote, hatuongei. Wanaume waliokaa barazani walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Dukani kwa Kaka, Bi Kulthum alisimama mlangoni bila kuingia.

"Abdulwahid. Twaa kitambulisho chako na simu yako, tufuatane."

"Wapi, Bi Kulthum? Kuna nini?"

"Wajua kuna nini. Au wataka niseme papa hapa, na hawa wanaume wasikie?"

Kaka alitazama baraza ya mkabala, watu wanaompenda. Kisha alinitazama mimi. Nilifikiri nitaona hasira. Niliona mtu ambaye mpaka dakika ile alidhani wanawake wanaona haya zaidi kuliko yeye. Alichukua kitambulisho.

Kwenye duka la kampuni Nerea alipotuona alimwambia askari wa mlangoni akanywe chai. Askari akasema hajasikia kiu. Akamwambia tena. Akageuza kompyuta yake ikatazama ukuta.

Kaka alitia kidole gumba. Aliandika neno la siri, na mara hii sikugeuza uso.

"Basi," Bi Kulthum akamwambia. "Toka."

"Bi Kulthum, akaunti ni yangu."

"Toka, Abdulwahid," akasema Mama.

Nadhani hakuwahi kuambiwa hivyo na Mama tangu akiwa mdogo. Simu yake ikabaki mezani. Akatoka akasimama nje kwenye manyunyu, na mwavuli hana.

Kisha tukafanya kazi. Nerea alifungua picha moja moja, na kila ilipotokea, mwenye kuwamo alisogea akasema, "Hiyo," na wengine wakageukia dirisha. Hakuna aliyewaamrisha kugeuka. Mmoja alicheka kwa woga, mmoja alilia. Mama alisema "hiyo" mara tano, na mara ya sita kwa ile ya mchele. Nerea alizitoa na kwenye pipa la taka la akaunti, akafungua simu ya Kaka akahakikisha, akafunga na ghala lenyewe.

Ya Ruwaida ilikuwa karibu na mwisho. Bi Kulthum alisogea kwa ajili ya mwanawe. Aliitazama muda mrefu, mpaka mtu nyuma akakohoa.

"Hiyo," akasema.

Almasi niliiacha pale juu ya meza. Nerea aliniambia mkataba hauwezi kuvunjwa, bado ni mia moja kwa siku mpaka mwakani. Nikamwambia amdai mwenye jina.

17 Mfungo Pili

Harusi zote tatu zilizobaki zimevunja maneno nami. Wawili walituma watoto, wa tatu alikuja mwenyewe, na huyo namheshimu. Wamemuita Nasreen. Nasreen na mtandao wake. Nimecheka mpaka Mama akaja kuchungulia.

19 Mfungo Pili

Kaka hakuja kula Ijumaa hii. Mama anapika kile kile kiasi, kisha tunakula viporo. Watu mjini hawajui hasa kilichotokea, wanawake hawakusema kwa waume zao, kwa hiyo yeye bado anasoma Maulidi na watoto bado wanatulia. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri. Mimi nimepoteza mji, yeye amepoteza posa.

22 Mfungo Pili

Mvua. Hina ya mtoto mmoja, bei ya nusu.

24 Mfungo Pili

Leo Ruwaida amekuja. Nilifungua mlango nikaona nikabu nyeusi na pindo lililolowa, nikamjua kwa sauti. Anarudi chuoni kesho. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akafunua uso, hakutaka chai.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumuomba radhi siku tisa nzima. Nilianza, akainua mkono.

"Mama ameniambia yote. Posa nilishaikataa kabla hajamaliza kusema." Akalikamua pindo la buibui. "Ilikuwa moja tu?"

"Moja tu."

"Nalikuwa vipi?"

Nikamwambia. Kwamba alikuwa amepiga magoti nyuma ya biarusi, nywele zimeangukia bega moja, ameshika asumini kwa midomo, na amecheka.

"Nacheka nini?"

"Sijui. Mtu alisema neno."

Alifikiri, akijaribu kukumbuka. Aliipekua ile siku yote machoni pangu na hakulipata.

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri, Ruwaida."

"Kaka yako ameiona," akasema. "Wewe umeiona. Mama ameiona, na yule msichana wa dukani. Mimi sijaiona."

Alisubiri kidogo, labda alidhani mtu wa picha hakosi nakala mahali. Kisha akateremsha nikabu, akaniaga kwa adabu kama alivyofunzwa, akaenda zake. Watu wanne tumeiona, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumuonyesha.